Sura ya Sita: Moshi Juu, Sukari Chini

Kliniki ya kisukari ina utaratibu anaoujua kila aliyewahi kukaa kwenye yale mabenchi. Unapimwa uzito, unapimwa presha, unatobolewa kidole, unapewa kikopo cha mkojo. Daktari makini atakwambia uvue viatu akague nyayo na katikati ya vidole, na mara moja kwa mwaka atakuandikia uende kwa daktari wa macho. Figo, macho, miguu, moyo: hiyo ndiyo orodha, na ni orodha nzuri. Mapafu hayamo. Anayekohoa huelekezwa mlango mwingine akapimwe kifua kikuu, na makohozi yakitoka safi anarudishwa nyumbani na chupa ya dawa ya kikohozi.

Mlango huo wa pili nao una desturi zake. Huko wanasikiliza kifua, wanauliza habari za sigara, wanatoa dawa ya kuvuta kwa mdomo. Sukari hukumbukwa mgonjwa akizidiwa. Kwa hiyo mtu mwenye magonjwa yote mawili, kisukari pamoja na ule ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, anatembea na madaftari mawili ya kliniki mkobani, na anayeyabeba yote mawili kila siku ni yeye mwenyewe, ambaye hakufundishwa kuyasoma.

Nimtunge mgonjwa mmoja ili hesabu zilizo mbele zisielee hewani. Tumwite Mama Rehema. Ana miaka 58, mnene wa tumbo, mwenye kisukari kwa miaka 9. Kwa miaka 30 amechoma vitumbua alfajiri kwenye banda lisilo na dirisha, kwa kuni, na kuni mbichi masika yakiingia. Sigara hajaigusa, na akiulizwa anacheka. Nyumbani wanasema mama ana pumu. Lakini pumu huja na kuondoka, na kati ya shambulio na shambulio mtu hupumua vizuri. Hali ya Mama Rehema haiondoki. Ndoo ya maji aliyokuwa akiibeba hadi mlangoni sasa anaitua mara mbili njiani, na asubuhi hawezi kusema neno mpaka akohoe kwanza.

Watu kama yeye si wachache. Mwaka 2015 jarida la Lancet Global Health lilichapisha utafiti uliofanywa vijijini katika wilaya ya Masindi, Uganda. Kati ya watu wa miaka zaidi ya 30 waliopulizishwa kwenye mashine ya kupima pumzi, asilimia 16.2 walikuwa na ule ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, wanawake kwa wanaume karibu sawasawa, na wengi mno wakiishi ndani ya moshi wa kuni. Anayedhani huu ni ugonjwa wa wazee wavuta sigara wa Ulaya ahesabu upya.

Kisukari nacho kimetukuta haraka. Mwaka 1989 Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili walitoa matokeo ya upimaji katika vijiji sita vya Tanzania: wenye kisukari hawakufika hata mtu mmoja katika kila 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta zaidi ya 9 katika 100 ya watu wazima. Njia za kupima hazikuwa zilezile na mijini nako kulihesabiwa, lakini hata ukipunguza kwa sababu hizo, kilichobaki ni kikubwa. Moshi haujaondoka jikoni, na sukari imeshaingia kwenye damu. Mahali magonjwa haya mawili yanapokutana ni ndani ya kifua cha mtu mmoja.

Sasa mpeleke Mama Rehema kwenye kipimo cha pumzi. Hakina sindano wala maumivu, ila kinachosha kuliko wengi wanavyotegemea. Anakaa wima, anabanwa pua kwa kibanio, anafunga midomo kwenye mrija usivujishe hewa. Muuguzi anasimama pembeni yake kama kocha.

“Haya mama, vuta pumzi. Vuta, vuta, jaza kifua kabisa. Sasa puliza! Puliza kwa nguvu! Endelea, endelea, usiachie, bado, bado, bado...”

Mama anashika meza, uso umemvimba, kikohozi kinamkatisha.

“Mwanangu, pumzi imekwisha.”

“Haijaisha mama, imebaki ya chini kabisa, na hiyo ndiyo ninayoitaka. Pumzika kidogo, tunarudia.”

Wanarudia mpaka zipatikane pumzi tatu safi zinazofanana. Kisha anavutishwa salbutamoli, anangoja dakika 15 ili njia za hewa zitanuke kadiri ziwezavyo, na kazi inaanza upya. Pumzi za baada ya dawa ndizo zinazohukumu.

Mashine hutoa tarakimu nyingi. Hapa tunahitaji mbili. Ya kwanza ni hewa yote aliyoweza kuitoa tangu kifua kilipojaa mpaka kilipokauka. Hii ina umri mkubwa: John Hutchinson, daktari wa upasuaji wa London, aliitangaza mwaka 1846 baada ya kuwapulizisha watu zaidi ya 2,000, mabaharia, polisi, wazimamoto, mafukara na mabwana wakubwa, na akaona kwamba inakwenda na urefu wa mtu na inapungua kwa ugonjwa. Ya pili ni sehemu ya hewa hiyo inayotoka katika sekunde ya kwanza tu. Wazo la kuitazama sekunde hiyo lilitoka Paris mwaka 1947 kwa Robert Tiffeneau, naye alifanya jambo moja zaidi lililobadilisha kazi yote: aligawanya ya pili kwa ya kwanza. Njia zikiwa wazi, robo tatu ya hewa au zaidi hutoka katika sekunde moja. Zikiwa zimevimba, zimejaa makohozi na kulegea, hewa hiyohiyo hutoka kwa kuvuta mguu. Mwongozo wa kimataifa wa ugonjwa huu wa kuziba njia za hewa, uitwao GOLD, uliotoka mara ya kwanza mwaka 2001, uliweka mpaka kwenye 0.70: uwiano ukiwa chini ya hapo baada ya dawa, njia zimeziba.

Tuseme mtu wa umri na kimo cha Mama Rehema anatarajiwa kutoa lita 2.5 kwa jumla, na lita 2.0 katika sekunde ya kwanza. Yeye ametoa lita 1.9 kwa jumla, na 1.35 katika sekunde ya kwanza. Gawanya 1.35 kwa 1.9. Jibu ni 0.71.

Amepita. Karatasi haitasema njia zimeziba. Atarudi nyumbani na neno “pumu” lake, au ataambiwa apunguze unene.

Tazama tena zile namba. Sekunde ya kwanza imebaki na theluthi mbili tu ya inayotarajiwa, na hewa yote imebaki na robo tatu. Moshi wa miaka 30 umeila namba ya juu ya mgawanyo. Kisukari kikisaidiana na uzito wa tumbo unaobana kiwambo kimeila ile ya chini. Zote mbili zimeliwa, na kwa sababu zimeliwa pamoja uwiano umebaki juu ya mpaka. Laiti asingekuwa na kisukari wala tumbo lile, huenda angetoa lita 2.3 kwa jumla na 1.5 kwa sekunde ya kwanza, uwiano ungekuwa 0.65, na angepewa jina sahihi la ugonjwa wake siku hiyohiyo. Maajabu ya hesabu hii ni kwamba mwenye pumzi zaidi ndiye angeonekana mgonjwa. Wataalamu wa mapafu wanalifahamu kundi hili la watu wenye uwiano mzuri na pumzi mbaya, na kila wanapolichunguza hukuta ndani yake kisukari na unene vimejazana. Kwa maoni yangu, mtu yeyote mwenye kisukari akipulizishwa, jicho lianzie kwenye zile lita mbili zenyewe, ndipo liende kwenye mgawanyo.

Swali la haki ni hili: sukari inafikaje kwenye mapafu?

Inafika kwa njia ileile inayolifanya andazi liwe la kahawia. Mwaka 1912 Mfaransa Louis Camille Maillard alieleza kinachotokea sukari ikikutana na protini kwenye joto: zinashikana, zinaunda viungo vipya, rangi inageuka, ulaini unapotea. Ndani ya mwili joto ni nyuzi 37 tu, lakini muda upo wa kutosha. Kipimo cha sukari ya miezi mitatu kinategemea jambo hilohilo: kinahesabu protini ya damu iliyoshikwa na sukari. Kolajeni ya mapafu haibadilishwi upesi kama chembe za damu. Inakaa miaka, inaoga kwenye damu yenye sukari, na nyuzi zake zinafungwa pingu moja baada ya nyingine. Mwaka 1976 watafiti wa Marekani waliwapima vijana wenye kisukari cha utotoni na kukuta mapafu yao yamepoteza mnyumbuko wake wa kawaida kabla ya uzee. Wengine, waliotazama vipande vya mapafu kwenye hadubini za elektroni, waliona utando wa kapilari na wa vifuko vya hewa umenenepa.

Utando huo ndio kiini cha jambo zima. Mapafu ya mtu mzima, mawili kwa pamoja, yana vifuko vya hewa kama milioni 480, na kati ya hewa na damu pana ukuta usiofika unene wa sehemu moja ya elfu ya milimita. Ukinenepa hata kidogo, oksijeni inachelewa kuvuka. Mashine ya kupuliza haiuoni unene huo. Inapima milango na ukubwa wa nyumba, ukuta haiugusi.

Aliyetuonyesha namna ya kuupima ukuta ni mwanamke, na kisa chake kinastahili nafasi hapa. Marie Krogh alikuwa daktari wa Copenhagen. Mumewe August alikuwa msaidizi wa Christian Bohr, baba wa yule Niels Bohr wa atomu, na mzee Bohr alishikilia kwamba mapafu huisukuma oksijeni kuingia kwenye damu kwa kazi ya chembe zake, kama tezi inavyotoa mate. Marie na August hawakukubali. Mwaka 1910 walitoa makala saba mfululizo, walizoziita wenyewe mashetani wadogo, kuonyesha kwamba oksijeni hupenya tu, kutoka ilipo nyingi kwenda ilipo chache. Kubishana na mwalimu wako mara saba katika mwaka mmoja kunataka moyo. Kisha Marie akaiendeleza njia ya kupima kupenya huko kwa binadamu aliye hai, akaichapisha mwaka 1915: mtu anavuta hewa yenye chembe chache za monoksidi ya kaboni, anaizuia kifuani kwa sekunde chache, anaitoa, na tofauti inaonyesha ni kiasi gani kilichovuka ukuta. Ni gesi ileile inayoua familia zilizolala na jiko la mkaa ndani. Inashikamana na damu kwa nguvu mno, na kwa sababu hiyo kidogo chake kinatosha kuwa shahidi.

Marie Krogh mwenyewe akaja kupata kisukari. Mwaka 1922 walikuwa ziarani Marekani, ambako August, aliyepata Nobel mwaka 1920, alikwenda kutoa mihadhara. Habari za insulini iliyogunduliwa Toronto zilikuwa mpya kabisa. Marie ndiye aliyemhimiza mumewe aandike barua Toronto. August alikwenda huko, wakarudi Copenhagen na ruhusa ya kuitengeneza, na pamoja na Hans Christian Hagedorn, daktari aliyekuwa akimtibu Marie, August akaanzisha kiwanda. Wagonjwa wa kwanza wa Denmark walidungwa mwaka 1923. Mwanamke mmoja alisimama kwenye chimbuko la kipimo cha ukuta wa mapafu na kwenye njia iliyoileta insulini kaskazini mwa Ulaya. Hata hivyo ilipita zaidi ya nusu karne kabla watu hawajaanza kuuliza kwa bidii kama kisukari kinauharibu ukuta huo.

Jibu lilikusanywa mwaka 2010, Waholanzi walipounganisha tafiti 40 zilizolinganisha wenye kisukari wasio na ugonjwa mwingine wa mapafu na watu wasio nacho. Sekunde ya kwanza ilikuwa imepungua kwa wastani wa asilimia 5 hivi ya inayotarajiwa, hewa yote asilimia 6, na kupenya kwa gesi, kile kipimo cha Marie Krogh, asilimia 7. Ukimwambia mtu mwenye mapafu mazima kwamba amepoteza asilimia 6 hatakuelewa unasema nini, maana hajahisi kitu. Tumezaliwa na pumzi nyingi kuliko tunayohitaji kwa kutembea, kulima na kugombana na watoto. Na ndiyo sababu madaktari wengi hawakuitilia maanani habari hii. Sikubaliani nao, kwa sababu ya watu kama Mama Rehema. Baada ya ujana kila mtu hupoteza kitu kama mililita 30 za ile sekunde ya kwanza kwa mwaka hata akiishi vizuri, na anayepumua moshi kwa miaka anaweza kupoteza kwa kasi kubwa zaidi. Aliyebakiwa na lita moja na kitu hana akiba ya kuchotewa asilimia 6. Kwake hiyo ndiyo tofauti ya kufika sokoni na kurudi njiani.

Uhusiano unakwenda pande zote mbili. Wauguzi zaidi ya 100,000 wa Marekani walifuatiliwa kwa miaka 8, na waliokuwa na ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa walipata kisukari cha ukubwani kwa kiwango cha karibu mara 1.8 ya wenzao. Wenye pumu hawakuonyesha ongezeko hilo. Uvimbe sugu wa mapafu humwaga kemikali zake kwenye damu na kuifanya misuli isiitikie insulini. Mtu asiyeweza kutembea naye hawezi kuichoma sukari yake.

Kwetu kuna mhusika wa tatu, kifua kikuu. Kisukari huongeza hatari ya kukipata kwa karibu mara tatu. Mwanza, kati ya wagonjwa wa kifua kikuu waliopimwa, asilimia 16.7 walikutwa na kisukari, dhidi ya asilimia 9.4 ya majirani zao. Kifua kikuu kinapona, lakini mapafu yaliyopona huachwa na makovu, na makovu huziba njia na kukaza kuta. Mtu anaweza kumaliza dozi ya miezi sita, kadi ikagongwa muhuri wa “amepona”, na bado akahema akipanda ngazi. Huyu naye hupewa jina la pumu.

Hatari kubwa ni siku ya kuzidiwa. Majimaji yanayolainisha njia za hewa kwa kawaida yana sukari kidogo mno, kama sehemu moja ya kumi ya iliyoko kwenye damu. Sukari ya damu ikipanda na kuvuka kiasi cha milimoli 7 hadi 10 kwa lita, huanza kuvuja kwenye majimaji hayo, na bakteria waliokuwa na njaa wakapata chakula. Emma Baker na wenzake wa hospitali ya St George's, London, waliwachunguza wagonjwa 284 waliolazwa kwa kuzidiwa na ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Mwaka 2006 walitoa matokeo: kila sukari ilipopanda kwa milimoli 1, hatari ya kufa au kukaa muda mrefu wodini iliongezeka kwa asilimia 15.

Hapo ndipo tiba ya ugonjwa mmoja inapoukanyaga mwingine. Mgonjwa aliyebanwa anahitaji prednisoloni ili uvimbe wa njia za hewa ushuke, na prednisoloni hupandisha sukari. Zamani ilitolewa kwa wiki mbili au zaidi. Mwaka 2013 utafiti wa Uswisi wa wagonjwa 314 ulionyesha kwamba siku 5 za miligramu 40 zinafanya kazi sawa na siku 14. Kwa mwenye kisukari hii ni habari njema kuliko dawa nyingi mpya, na inasikitisha kwamba wapo wanaoandikiwa bado vidonge vya wiki mbili kwa mazoea. Salbutamoli kwa wingi nayo huinua sukari na kushusha potasiamu. Insulini inayotolewa kuirudisha sukari chini huishusha potasiamu zaidi, na moyo hauipendi hali hiyo. Metformini, dawa ya kwanza ya karibu kila mtu, husimamishwa pale oksijeni inaposhuka sana, kwa kuwa asidi ya laktiki inaweza kurundikana. Mwenye magonjwa haya mawili akifika mapokezi, ataje yote mawili kabla hajaulizwa, na amwonyeshe daktari vidonge vyenyewe.

Jambo la mwisho linahusu saa ya kupima. Prednisoloni inayomezwa saa mbili asubuhi hupandisha sukari mchana na jioni, na kufikia alfajiri nguvu yake imeshuka. Anayepima asubuhi tu kabla ya kula, kama alivyozoeshwa kliniki, anaweza kuona 6 au 7 kila siku na kulala kwa amani huku saa kumi jioni sukari ikiwa 16. Kwa hiyo siku zile 5 kidole kitobolewe kabla ya chakula cha mchana na tena kabla ya cha usiku. Na kama daktari alimwongezea insulini kwa ajili ya dawa hiyo, siku ya sita, vidonge vikishakwisha, kipimo cha insulini lazima kishuke pia. Asipokishusha, sukari itaanguka usiku, na jasho na mapigo ya moyo yatakayomwamsha yanafanana sana na kubanwa kifua. Wengi katika giza hilo hunyoosha mkono kwenye dawa ya kuvuta badala ya chai yenye sukari.